Simu ya Saa Kumi na Dakika Ishirini na Tatu

Sumeya Hamid alizaliwa Bungoma mjini, katika nyumba za nyuma ya msikiti, binti wa fundi cherehani. Alisomea kompyuta Nairobi, akafanya kazi huko miaka minne katika kampuni ya kuuza tiketi za ndege, kisha akarudi magharibi. Watu wa kwao walipomuuliza sababu, aliwaambia amechoka kutengeneza vitu ambavyo havitumiwi na mtu yeyote anayemjua. Kazi aliyoipata Kitale ilikuwa ya shirika dogo lililowaonya wakazi wa miteremko ya Mlima Elgon pale ardhi ilipokuwa karibu kuporomoka.

Ofisi yao ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la mbegu, na harufu ya mbolea ilipanda ngazi ikawakuta mezani. Mafundi walikuwa wawili tu. Mwenzake aliitwa Kipkosgei, mwanamume mpole wa miaka thelathini na mitano, mwenye mazoea ya kuvua viatu chini ya meza akiwa anafikiri. Yeye alikuwa mtu wa mlimani kwenyewe, kutoka juu ya Kapsokwony, na mama yake, Chepngeno, bado aliishi huko katika nyumba ya mabati iliyoshikilia mteremko, na shamba la vitunguu chini yake.

Mfumo waliokuwa wakiutengeneza ulikuwa rahisi kuueleza. Vipimo vya mvua vilisimikwa mlimani. Mvua ikizidi kiwango, vipimo vilituma habari kwenye mtandao, na programu yao ikapigia simu kila nambari iliyoandikishwa. Mtu akipokea, alisikia sauti ikimwambia kwa Kisabaot, lugha ya huko mlimani, kisha kwa Kiswahili, atoke nyumbani sasa hivi aende mahali pa kukusanyika. Akibonyeza moja, mfumo ulijua kwamba amesikia. Asipopokea, alipigiwa tena, mpaka mara tatu.

Kitu kilichowachukua wiki nzima ya kubishana ni mahali pa kuiweka programu hiyo. Ingekaa kwenye mashine za kukodi za kampuni kubwa iliyo mbali, kwenye kile wanachokiita wingu, hilo walikubaliana. Lakini huko kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kukodi seva, yaani kompyuta nzima: mbili ziwake wakati wote, na kazi ikizidi, nyingine ziongezwe zenyewe. Ya pili ni kuifunga programu ndani ya kontena, kifurushi chenye kila kitu inachohitaji ili kuendeshwa, na kuiachia kampuni. Kazi ikija, kampuni inawasha kontena moja au mia moja kwa sekunde chache. Kazi ikiisha, inazizima zote. Hapo hakuna seva unayoiona wala kuitunza.

"Mimi ningeenda na kontena," Sumeya alisema. "Hii kazi yetu inakaa miezi mitatu bila kitu, halafu siku moja inakuja yote kwa dakika moja. Kontena ziko sawa kwa mambo kama hayo."

Kipkosgei alikuwa ameshavua viatu. "Na zikikwama? Kwa seva naingia ndani mwenyewe, naangalia, narekebisha. Hizo zako nitabisha mlango gani?"

"Hazikwami sana."

"Ati sana." Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Kwa zile tiketi zenu, kitu kikikwama mtu anakosa ndege. Huku ni mama yangu, Sumeya. Nataka kitu naweza kushika."

Sumeya alijua kwamba seva zikiwekewa kanuni nzuri zingeweza kuifanya kazi ile ile, na kwamba mwenzake alizijua seva kama mkulima anavyolijua shamba lake. Akakubali. Waliandika kanuni pamoja: seva mbili zikielemewa kwa dakika tano mfululizo, ya tatu iongezwe, kisha ya nne. Dakika tano, ili mfumo usiwe unaongeza na kupunguza kila mara kwa msukosuko mdogo. Wakafanya jaribio kwa watu wa kwanza mia nne walioandikishwa. Wote walipigiwa kabla ya dakika mbili kuisha. Walitia sahihi karatasi, wakashuka kunywa chai.

Sauti ya Kisabaot kwenye simu ilikuwa ya Kipkosgei mwenyewe. Siku ya jaribio la pili Sumeya alikuwa mlimani, nyumbani kwa Mama Chepngeno, ili aone watu wanavyopokea. Simu ya mama ililia. Aliitoa kwenye fundo la leso, akaiweka sikioni, na uso wake ukafunguka.

"Ndiyo, nimesikia," aliiambia kwa Kisabaot. "Wewe umekula?"

Jepkoech, dada mdogo wa Kipkosgei, alicheka mpaka akakaa chini. Akamtafsiria Sumeya, na Sumeya naye akacheka. "Mama, hiyo ni sauti imerekodiwa," Jepkoech alisema. "Hakusikii."

"Najua," mama alijibu kwa Kiswahili, huku akibonyeza moja kwa kidole gumba kwa uangalifu mkubwa. "Lakini si ni yeye?"

Mambo yakaenda vizuri. Kule Bungoma mjini, aliyesimamia shirika alikuwa mama mmoja mchangamfu aitwaye Nanyama, na watu wake walizidi kuandikisha. Walipita kijiji kwa kijiji, wakashuka hadi kwenye nyumba zilizo kando ya mto karibu na Lwakhakha, maana maji ya mlimani hufika huko pia. Kufikia mwezi wa nane orodha ilikuwa imevuka nambari elfu sita.

Walikuwa wamekubaliana tangu mwanzo kwamba orodha ikiongezeka mara mbili, jaribio lirudiwe. Hiyo ilikuwa kazi ya Sumeya. Aliipangia wiki ya pili ya mwezi wa tisa. Wiki hiyo kaka yake Shafi alikuwa anaoa, na nyumba yao Bungoma ilijaa shangazi na sufuria, kwa hivyo aliisogeza hadi wiki iliyofuata. Wiki iliyofuata betri za vipimo viwili zilikufa. Baada ya hapo jambo lile lilimtoka kichwani kabisa, kama yanavyotoka mambo ambayo hayajawahi kuleta shida.

Mwezi wa kumi simu zilitoka mara moja kwa ukanda mmoja tu, watu mia saba hivi. Walitoka nyumbani mvua ikinyesha, wakakaa shuleni saa tatu, na ardhi haikusogea. Wengine walirudi nyumbani wakinung'unika. Kipkosgei alikuwa na wasiwasi juu ya hilo.

"Wakizoea, siku ya ukweli hawatatoka," alimwambia Sumeya.

Siku ya ukweli ilikuwa Jumanne ya pili ya mwezi wa kumi na moja. Kipkosgei alikuwa amekwenda mji mdogo uitwao Kwanza kumwona fundi wa kuchomelea nguzo za vipimo. Sumeya alikuwa peke yake ofisini. Mvua ilikuwa imenyesha mlimani tangu saa sita, na saa kumi na dakika kumi na mbili kipimo cha juu ya Kapsokwony kikavuka kiwango, kikifuatwa na vingine vinne. Orodha nzima ikaanza kupigiwa.

Aliangalia hesabu kwenye skrini. Mia mbili. Mia tatu na ishirini. Watu walianza kubonyeza moja, na majibu yao yalirudi kwenye seva zile zile mbili zilizokuwa zikipiga, na upigaji ukapungua kasi. Alidhani ni mtandao wa simu. Mvua kubwa huwa inauharibu. Ilipofika saa kumi na dakika kumi na saba akaona kwamba si mtandao: seva zenyewe zilikuwa zimeelemewa, na kanuni yao bado inahesabu dakika tano. Akaongeza seva tatu kwa mkono. Nazo zilihitaji karibu dakika nne kuwaka na kupakia programu. Alisimama mbele ya meza, mikono imeshika kiti, akazingoja. Hakukuwa na kitu kingine cha kufanya. Alipiga simu ya Kipkosgei, haikupatikana.

Ardhi iliporomoka kabla ya saa kumi na nusu. Nyumba tatu zilifunikwa, watu watano wakafa. Mmoja wao alikuwa Chepngeno.

*

Alizikwa Jumamosi, kando ya shamba, upande ambao udongo haukuguswa. Sumeya alipanda kwa pikipiki kutoka Kapsokwony pamoja na Madam Nanyama, kila mmoja na yake, matope yakiruka hadi magotini. Kipkosgei aliwasalimia kwa mkono, akawashukuru kwa kuja, akaenda kuwatafutia viti. Hakulia mbele ya watu. Alikuwa na shughuli nyingi, na alizitafuta nyingine zilipopungua.

Baada ya mazishi Sumeya alikaa na Jepkoech nyuma ya jiko la jirani. Jepkoech siku ile alikuwa amekwenda kununua mafuta ya taa, akarudi mbio aliposikia mngurumo.

"Nilifika hapo, dada, sikuona nyumba," alisema. "Niliona udongo tu na kipande cha bati. Watu wakaanza kuchimba, lakini tungechimba wapi? Kisha tukasikia simu yake inalia. Chini. Ikalia, ikanyamaza, ikalia tena. Mara tatu. Tukafuata hiyo sauti, ndiyo tukampata."

"Nani alikuwa anapiga?"

"Sijui. Watu wetu, labda. Habari ilikuwa imeenea." Jepkoech alijifuta macho kwa ncha ya leso. "Hatukumpata akiwa hai. Lakini tulimpata."

Sumeya alisema pole. Alilirudia neno hilo mara kadhaa. Mara tatu, alifikiri, na akajaribu kutofikiri zaidi mpaka afike Kitale.

Jumatatu alifungua kumbukumbu za mfumo. Kila simu iliyopigwa ilikuwa imeandikwa, na saa yake. Orodha ilifuata tarehe ya kuandikishwa, na Mama Chepngeno alikuwa amebadilisha laini mwezi wa tisa, akaandikishwa upya huko mwishoni. Alimpata katika mstari wa elfu sita na kitu. Simu ya kwanza: saa kumi na dakika ishirini na tatu. Haikupokelewa. Ya pili, dakika ishirini na nne. Ya tatu, ishirini na tano.

Kipimo kilichokuwa karibu zaidi na nyumba ile kilikuwa kimeacha kutuma saa kumi na dakika kumi na tisa. Kiling'olewa na udongo ule ule.

Kisha Sumeya akafanya kitu ambacho baadaye alitamani asingelikifanya upesi hivyo: aliichukua programu ile ile, akaifunga kwenye kontena, akaipa orodha ile ile ya nambari, na kuiendesha bila kupiga simu halisi. Ilichukua siku mbili kuiandaa na dakika moja na sekunde arobaini na nane kumaliza orodha yote. Nambari ya Mama Chepngeno ilifikiwa kabla ya dakika mbili. Kutoka mlangoni kwake hadi barabarani, Sumeya mwenyewe alikuwa amepatembea, ni mwendo wa dakika tatu.

Madam Nanyama alitaka ripoti ya wafadhili kabla ya Ijumaa, na alimwita Bungoma waipitie pamoja. Ofisi yake ilikuwa na dirisha linalotazama barabara ya stendi, na chai ililetwa kwenye chupa. Alikuwa ameshaandika sehemu kubwa.

"Simu elfu sita mia moja na tisa zilipigwa," alisoma. "Watu elfu nne mia tatu walithibitisha kusikia. Hiyo ni kweli?"

"Ni kweli."

"Na hakuna simu iliachwa?"

"Hakuna. Zote zilipigwa."

"Sasa hiyo si inatosha? Watu wengi walitoka, Sumeya. Wengi sana. Wale wa kando ya mto wote walitoka." Nanyama alimtazama, akaona kitu usoni mwake. "Nini?"

"Naomba wiki moja kabla ya kuandika sehemu ya mitambo," Sumeya alisema. "Kuna jambo lazima nimwambie Kipkosgei kwanza."

Nanyama hakuwa mtu wa mitambo, lakini alikuwa ameongoza watu miaka mingi. "Ni baya?"

"Ndiyo, Madam. Na nusu yake ni yangu."

"Chukua wiki moja," alisema Nanyama.

Usiku na mchana wa wiki hiyo Sumeya aliuzungusha ukweli ule akitafuta upande usio na makali. Hakuna aliyejua isipokuwa yeye. Angeweza kusema orodha imekuwa kubwa na kwa hivyo wanahama. Ingekuwa sababu halali, Kipkosgei angeinua mabega na kukubali, na angezeeka bila kujua. Mtu aliyefiwa na mama hahitaji kuongezewa kitu. Karibu alikuwa ameamua hivyo.

Kipkosgei alirudi kazini Jumatano, kichwa kimenyolewa. Alikaa kwenye kiti chake, akawasha kompyuta, akasoma barua zake zote bila kujibu hata moja.

"Nimesoma yale Madam ameandika," alisema baada ya muda. "Simu zote zilitoka."

"Zilitoka."

"Kwa hivyo ni yeye tu hakushika." Alisema bila kumtazama Sumeya. "Nilimwambia mara ngapi. Mama, ikilia, shika. Lakini ile ya mwezi wa kumi ilikuwa ya bure, akaona huu ni mchezo. Wangapi walishika? Elfu nne. Majirani wa chini walishika, wako hai. Yeye labda alikuwa anafunga ng'ombe, akasema ni yule mtoto na simu zake." Akavua viatu. "Unajua nimemkasirikia? Nimelala siku kumi hapo kwetu, watu wanakuja kulia na mimi, nami ndani namkasirikia. Nilisimama kaburini nimemkasirikia."

Sumeya alikwenda akafunga mlango wa ngazi, akarudi, akavuta kiti hadi karibu na chake.

"Hakukosa kushika," alisema. "Kipkosgei, nisikilize. Simu yake ilipigwa saa kumi na dakika ishirini na tatu."

Kipkosgei alimtazama bila kuelewa.

"Kipimo chenu kiling'oka saa kumi na dakika kumi na tisa."

Alimwona akihesabu. Ilichukua muda mfupi tu. Yeye ndiye aliyekuwa ameandika sehemu hiyo ya programu, alizijua hatua zake zote.

"Zile dakika tano," alisema.

"Zile dakika tano, na nne za kuwaka. Na jaribio lilikuwa langu kulirudia, mwezi wa tisa. Sikulifanya. Ningelifanya tungeona. Nililiahirisha kwa sababu ya harusi, halafu nikasahau. Hiyo ni yangu, si yako."

Sumeya alifungua kumbukumbu kwenye kompyuta yake akamgeuzia. Alimwonyesha kwanza majaribio matatu ya huko nyuma, kwenye laini yake ya zamani: simu ya mama ikipokelewa baada ya sekunde sita, baada ya sekunde nne, baada ya sekunde saba. Kila mara moja imebonyezwa. Na ile ya bure ya mwezi wa kumi, kwenye laini mpya: sekunde tano, moja. Kisha simu tatu za mwisho.

"Jepkoech alisema simu ililia mara tatu chini ya udongo," Sumeya alisema. "Mlidhani ni watu wa nyumbani."

Kipkosgei alisoma mistari ile, akarudi juu, akaisoma upya. Aliweka kidole kwenye skrini, kwenye zile sekunde tano za mwezi wa kumi, akakiacha hapo.

"Alikuwa anashika," alisema.

"Kila mara."

Ndipo akalia. Alilia akiwa ameinamisha kichwa karibu na magoti, bila kujificha, kwa muda mrefu, na chini dukani mtu alikuwa anauliza bei ya mbegu za mahindi. Sumeya hakumgusa. Alikaa naye tu. Kipkosgei alipotulia, aliuliza swali ambalo Sumeya aliliogopa kuliko yote.

"Umejaribu na kontena?"

"Ndiyo."

"Dakika ngapi?"

Angeweza kudanganya hata hapo. "Chini ya mbili."

Kipkosgei akatikisa kichwa polepole. "Ningeweka seva kumi ziwake wakati wote, ingekuwa sawa pia. Ama ningeshusha ile kanuni iwe nusu dakika. Hata kupanga orodha kwa hatari, si kwa tarehe." Alikuwa anajiambia mwenyewe. "Si seva ziliniangusha. Mimi nilitaka kitu naweza kushika, kisha sikukishika."

"Tulikuwa wawili."

"Ndiyo," alisema, na Sumeya hakujua kama alikuwa anamsamehe au anamhukumu. Labda hata yeye hakujua.

*

Walihamisha mfumo kwa wiki tatu. Hakuna mwingine aliyejua vizuri mambo ya ndani ya zile seva, kwa hivyo Kipkosgei alikuja kila siku, saa mbili asubuhi, akafanya kazi mpaka saa kumi na moja, akaondoka. Waliongea juu ya kazi peke yake. Walipanga orodha upya, nyumba za hatari mbele. Waliamua kontena chache zikae zimewaka muda wote wa msimu wa mvua, ili simu za kwanza zisingoje hata zile sekunde za kuanzia. Walijaribu na nambari elfu sita, kisha wakajifanya ni elfu ishirini. Kipkosgei alitafuta makosa kwa ukali ambao Sumeya hakuwahi kuuona, na aliyapata, na akayarekebisha. Sauti ya Kisabaot aliomba irekodiwe upya na mtu mwingine. Sumeya alimtafuta mwalimu mmoja wa kanisa, wakafuta ile ya zamani.

Ripoti waliiandika pamoja, na dakika zote zilikuwamo, na majina yao mawili. Nanyama aliisoma, akaituma ilivyo. Wafadhili waliuliza maswali mengi, wakaridhika na majibu. Familia za wale wengine wanne zilielezwa na Nanyama na Sumeya, nyumba kwa nyumba. Mzee mmoja aliwaambia waondoke uani kwake, nao wakaondoka.

Siku ya mwisho Kipkosgei alizizima seva mwenyewe, moja, kisha nyingine. Alikusanya vitu vyake kwenye mfuko wa plastiki: kikombe, chaja, kitabu cha kuandikia.

"Umepata kazi mahali?" Sumeya alimuuliza.

"Hapana. Naenda nyumbani. Jepkoech yuko peke yake na lile shamba."

"Utarudi?"

"Sijui." Alisimama mlangoni. "Ulifanya vizuri kuniambia. Nataka ujue hivyo. Lakini nikikuona, naona ile skrini. Siyo makosa yako, ni hivyo tu."

"Naelewa," Sumeya alisema.

Alielewa, na bado ilimuuma kwa miezi. Walikuwa wamefanya kazi meza moja miaka miwili. Alimpigia siku ya Krismasi, hakupokea. Alimpigia mwezi wa pili, akapokea Jepkoech, wakaongea juu ya vitunguu na bei za Kapsokwony, na Kipkosgei, alisema, yuko shambani.

Mvua za masika zilikuja kwa nguvu. Sumeya wakati huo alikuwa amehamishiwa ofisi ya Bungoma, na alasiri moja ya mwezi wa nne, yeye na Nanyama wakiwa wamesimama mbele ya skrini moja, vipimo sita vilivuka kiwango kwa pamoja. Mfumo ulipiga nambari elfu saba na zaidi kwa dakika moja na nusu. Hakuna kilichokwama. Nanyama alimshika bega. Majibu yalimiminika, moja, moja, moja, na kati yake Sumeya aliona nambari ya Jepkoech, kisha, sekunde chache baadaye, ya Kipkosgei.

Alingoja robo saa ndipo akampigia Jepkoech.

"Tuko kanisani, wote," Jepkoech alisema. Nyuma yake mvua iligonga mabati mpaka maneno yakawa shida kusikika. "Tumefika mapema, hata watoto wa jirani tumewaleta."

"Na yeye?"

"Yuko hapa. Ndiye ametoa wazee wa huko juu. Sasa anaandika majina ya wenye wamefika."

"Naweza kuongea naye kidogo?"

Sumeya alisikia mkono ukifunika simu, sauti mbili zikizungumza Kisabaot, kisha mvua tena.

"Anasema si leo, dada," Jepkoech alisema kwa upole.

"Sawa. Mwambie hakuna haraka."

Jioni ile ardhi ilisogea mahali pawili mlimani, ikafunika shamba la mahindi machanga na nyumba moja ambayo wenyewe walikuwa kanisani. Hakuna aliyekufa. Sumeya aliandika hivyo kwenye taarifa ya siku, akafunga ofisi, akatembea hadi nyumbani. Baba yake alikuwa amekaa kizingitini akipunga upepo. Alimuuliza kama mambo ya mlimani yamekwenda vizuri, naye akasema ndiyo, yamekwenda vizuri, watu wote wametoka. Kisha akakaa kando yake akalia, na mzee, ambaye hakuelewa, alisogea kidogo ili binti yake apate nafasi ya kutosha.